Mayai ya bizari: nilivyoacha kuwasikiliza washauri

Kila niliyemuuliza mayai ya bizari yanapikwaje alinipa jibu lile lile, tena bila kusita: vunja mayai, tia kijiko cha bizari, piga, mimina. Shemeji yangu, jirani wa chumba cha pili, kijana wa chipsi pale kituoni, hata muuza viungo wa Kariakoo aliyenifungia bizari kwenye karatasi. Wote wanajua. Nami nikafuata, na kila mara nikapata kitu kimoja: mayai rangi ya tope, unga unaochekecheka kwenye meno na harufu ya gunia. Ukirudi kulalamika wanakwambia umetia bizari kidogo. Unaongeza, harufu ya gunia inazidi.

Ile iliyonimaliza kabisa ni ya siku mjomba alipokuja kutoka Tanga. Nilitaka aone kwamba mimi si wa kula magengeni tu. Shemeji akanipa maelekezo kwa simu, nayaandika hapa yalivyo ili mtu asiyarudie: mayai sita, maziwa nusu kikombe “yawe laini”, nyanya mbili zilizoiva sana zikunwe humo humo mbichi, bizari vijiko viwili vya kulia, chumvi, piga vyote pamoja, mimina kwenye mafuta ya moto. Nikauliza, nyanya mbichi? Akasema mimi napenda sana kubishana.

Yalipogusa flampeni yalichemka. Sisemi yalikaangika, yalichemka, na povu juu. Maji ya njano yakajitenga, humo ndani vikaelea vipande vya mayai vidogo na vigumu kama pumba kwenye togwa. Nikapiga simu tena. “Ongeza moto yakauke.” Nikaongeza. Maji yalipungua kweli, lakini mayai nayo yakakaza mpaka mwiko ukawa unayagonga yanalia. Jirani akachungulia mlangoni, akashauri kijiko cha unga wa ngano ili ushike maji yaliyobaki. Mfa maji haishi kutapatapa, nikatia. Ukafanya madonge. Akashauri nikamulie ndimu. Nikamwomba atoke jikoni kwangu.

Nikampakulia mjomba na mkate wa boflo. Yeye ni mtu wa adabu zile za kizamani: akaonja, akameza, akateremshia chai, akanitazama kwa upole. “Mjomba, hizi dengu nzuri. Ila ungeziacha ziive kidogo.” Akamaliza sahani. Mpaka leo anajua alikula dengu.

Aliyenitoa gizani wala hakuwa na habari kwamba ananifundisha. Mimi ni fundi umeme, na kazi ilinipeleka Upanga kwa mama mmoja wa Kihindi, mtu mzima, kutengeneza feni za dari. Nikiwa juu ya ngazi jiko lake lilikuwa wazi mbele yangu, na feni ambayo ilitakiwa kumalizika mapema ikachelewa kidogo kwa sababu zangu binafsi.

Mayai alikuwa hajayagusa kabisa. Alianza na mafuta, akatupia bizari nyembamba nzima, ikapasukapasuka. Kitunguu kilichokatwa vidogo, akakiacha mpaka kingo zikaanza kuwa za kahawia. Tangawizi na pilipili za kijani. Halafu, na hapa nilinyoosha shingo, akapunguza moto ndipo akatia manjano na giligilani ya unga, akazungusha mwiko mara chache tu. Harufu ikanifuata juu. Zikafuata nyanya na chumvi, akakoroga taratibu mpaka zikasagika, maji yakaisha na mafuta yakajitenga pembeni. Ndipo akavunja mayai, moja kwa moja juu ya ile rojo, bila maziwa, akavuruga. Dakika mbili hazikuisha akazima jiko na kunyunyizia kotmiri.

Karibu nianguke kwenye ngazi kwa hasira. Huo si ni mchuzi! Nani kwetu anachemsha samaki kwanza halafu anamnyunyizia bizari mbichi? Tunajua sote, hata mimi bachela wa Buguruni najua, kwamba viungo hukaangwa, nyanya huiva mpaka mafuta yaelee, kitoweo ndicho huingia mwisho. Likija yai tu akili zote zinakwenda likizo, tunatia unga mbichi kwenye mayai mabichi na kungoja miujiza.

“Fundi, shuka ule kwanza,” akaniambia. Nikala na chapati. Akanieleza kwamba kwao hiyo ni bhurji, na kule Mumbai huuzwa barabarani usiku kwa mikate midogo laini. Waparsi wa huko wana yao, akuri, wanayoiacha laini zaidi, karibu iteleze. Feni nilizitengeneza vizuri sana siku ile.

Baadaye nilielewa kwa nini njia ya wale washauri haiwezi kufaa hata uongeze bizari kilo. Ute wa yai huanza kushikana kwenye nyuzi joto 60 na kidogo, kiini hukaza kuelekea 70. Mayai yakifika hapo yameshaiva, unaepua. Bizari iliyomo ndani yake haijapata hata moto wa maji yanayochemka, na isitoshe imezungukwa na maji, wakati rangi ya manjano na harufu nyingi za viungo huyeyuka kwenye mafuta. Ndiyo maana inabaki unga. Na ukiyaacha motoni muda mrefu ili bizari iive, mayai yanakamua maji yake na kuwa mpira. Huwezi kushinda.

Sasa hila yangu mwenyewe, ambayo yule mama hakunifundisha na ninajivuna nayo. Kama mayai ni manne, navunja matatu kwenye rojo, la nne nalibakiza pembeni. Yale matatu yakishashikana lakini bado yanang'aa, nazima jiko, naepua flampeni, kisha navunja lile la mwisho humo na kuvuruga haraka. Linapoza flampeni, yale mengine yanaacha kukaza, lenyewe linaiva kwa joto lililobaki na kuyapaka yote ulaini ambao shemeji alikuwa anautafuta kwenye maziwa. Kwa mtoto mdogo au mjamzito siifanyi, naivisha yote sawasawa. Kwa wageni wengine wote naifanya mbele yao kabisa, tena polepole, waone.

Kiasi cha bizari kwa mayai manne ni nusu kijiko cha chai. Ndiyo, nusu. Ikikaangwa inajitosheleza. Bizari ya paketi iliyokaa dukani imeshapoteza harufu, afadhali ununue mbegu nzima za giligilani na bizari nyembamba, uzichome kidogo kwenye flampeni kavu na kuzitwanga. Za elfu mbili hivi zinanikalisha wiki nyingi. Kinachouma ni mayai, trei siku hizi ni elfu kumi na kitu, na anayesema amepata kwa chini ya hapo usimwulize yametagwa lini. Kama una wasiwasi nalo, litumbukize kwenye maji: jipya linalala chini, la zamani linasimama, likielea lipeleke mbali.

Kichwa kilipovimba nikahamia mchuzi wa mayai wa nazi, na huko nako nilikuta ushauri wa ajabu, eti tumia mayai mapya kabisa. Ya kuchemsha hayatakiwi kuwa mapya! Yai lililotagwa jana ganda lake limegandana na ute, ukilimenya linabaki na mashimo. Liache wiki moja hivi, linavuka lenyewe. Ninachopenda zaidi ni hatua inayofuata, ambayo wengi wanairuka: yai lililomenywa nalitoboatoboa kwa uma, nalipaka manjano, chumvi na pilipili kidogo, halafu nalizungusha kwenye mafuta ya moto mpaka ngozi ijikunje na kupata madoa ya kahawia. Mchuzi unalishika. Lile lisilokaangwa linabaki jeupe na kuteleza kwenye sahani, hata mchuzi uwe mtamu vipi. Usisahau kutoboa, lisilotobolewa linaweza kupasuka na kukurushia mafuta.

Rojo ni ile ile ya Upanga, nikiongeza kitunguu saumu na maji ya ukwaju. Tui jepesi linatangulia na kuchemka vizuri, tui zito linakuja mwisho kwa moto mdogo, unakoroga bila kuondoka, la sivyo linakatika. Ukikata yai ukakuta duara la kijani kuzunguka kiini, halijaoza, umelichemsha kupita kiasi tu. Dakika kumi zinatosha, kisha maji ya baridi.

Shemeji alipokuja akala yote mawili. Akasema haya yangu ni mapishi ya Kihindi, ya kwake ni ya Kiswahili, kwa hiyo tusilinganishe. Sikubishana. Nilikuwa nimevaa shati jeupe na lilikuwa limeshapata manjano kifuani, na yeye ndiye aliyelikimbilia na sabuni ya mche, doa likageuka jekundu, akapiga ukelele akidhani nimejikata. Manjano na sabuni ndivyo vilivyo. Suuza vizuri, paka ndimu lirudi njano, halafu lianike shati kwenye jua kali. Jua linalifuta taratibu, tena vizuri kuliko sabuni yoyote niliyowahi kununua.