Siku "Bibi" Alipokataa Mara Saba

Ilikuwa mchana wa siku ya pili ya mafunzo ya wahudumu wa wazee, saa ambayo macho ya washiriki huanza kuwa mazito. Mada ilikuwa ile wahudumu wanayoiogopa kuliko zote: mzee anahitaji huduma, naye hataki. Siku ya kwanza tuliwafundisha kueleza faida za huduma. Lilikuwa kosa letu wakufunzi, na zoezi la kuigiza ndilo lililotuumbua.

Mshiriki mmoja alijitolea kuwa bibi. Tukamziba masikio kwa pamba, tukampaka mafuta ya mgando kwenye vioo vya miwani, tukamvisha glavu jozi mbili na kumkalisha kwenye kiti kifupi kisicho na mikono. Mwenzake akaingia, jalada kwapani. "Shikamoo, bibi."

Kimya. Alisalimia kutoka mlangoni, mwanga ukiwa mgongoni kwake, hivyo midomo haikuonekana. Uzeeni masikio hupoteza kwanza sauti nyembamba, zile za s, f na t. Ukipiga kelele, maneno hayafafanuki. Yeye akapiga kelele. Kisha, akiwa bado amesimama: "Tumekuja kukusaidia kuoga!"

Tukaanza kuhesabu. Ndani ya dakika nne "hapana" zilifika saba, na kila moja ilijibiwa kwa hoja mpya: utaanguka, watoto wana wasiwasi, wenzako wanafurahia. Mwishowe bibi akapewa fomu atie sahihi. Kalamu ikaponyoka kwenye glavu, ikabiringika chini ya kiti. Hakuinama kuitafuta. "Sihitaji," akasema.

Mwanasaikolojia William Miller, katika makala yake ya 1983 kuhusu wenye tatizo la pombe, alionyesha jinsi ubishi wa namna hii unavyozaliwa: mtu mwenye nia mbili ukimpigia debe upande mmoja, yeye hubaki kuutetea ule mwingine.

Tukarudia. Safari hii jalada lilibaki nje. Mhudumu akavuta kiti, akakaa usawa wa macho, uso kwenye mwanga. "Bibi, asubuhi yako huwa inaanzaje?" Kisha anyamaze na kuhesabu kimoyomoyo hadi 10. Hapo ndipo penye kazi. Wengi hawavuki 4. Huyu alifika 8.

"Vifungo hivi vinanichosha."

"Vifungo vinakuchosha."

"Ndiyo, mwanangu. Na yule wa kwanza alitaka kunivua nguo hata jina lake sijalijua."

Kumbe hakukataa msaada, alikataa aibu. Pendekezo likawa dogo na lenye mwisho: vifungo na viatu tu, nusu saa, asubuhi mbili kwa wiki, kwa wiki mbili, mhudumu yuleyule, na siku ya kuacha aamue mwenyewe. Kuoga kusitajwe mpaka bibi mwenyewe akutaje. Fomu tukaihamishia ziara ya tatu. Inapolazimika kutiwa sahihi mapema, isomwe pamoja, kwa herufi kubwa.

Jambo moja tulilisisitiza hadi wakachoka nasi: mzee aliyekuwa akikubali kisha akageuka ghafla ndani ya siku chache, akichanganyikiwa, si mkaidi. Huenda ana maambukizi, maumivu, upungufu wa maji mwilini, au dawa mpya haijapatana naye. Aonwe na mtaalamu wa afya siku hiyohiyo.

Jozi ya mwisho ilituletea babu aliyekataa mwanzo hadi mwisho. Mhudumu akatugeukia, anangoja tumpe mbinu nyingine. Tukamuuliza mambo manne: babu ameelewa anachokataa? Anakikumbuka kwa muda wa kutosha kuamua? Amepima madhara? Ameeleza uamuzi wake? Yote ndiyo. Basi ana haki yake. Kwenye daftari mhudumu akaandika "amekataa", akafunga kalamu. Tukamrudishia daftari: amekataa nini, kwa maneno gani, nani alikuwepo, na utarudi lini kumsalimia?