Ahadi ya kutosaidiwa

Napenda riwaya za mapenzi za enzi za walowezi wa Magharibi ya Marekani. Mwanamke anashuka na begi lake katika mji usiofahamika, mfugaji aliyefiwa na mke anamngoja, hawajuani, na baridi iko njiani. Kinachonisumbua siku hizi ni pale mwandishi anapotuambia kwamba hatimaye yule mwanamke alimwamini. Kwa dhamana gani? Jirani yuko mbali, daktari hakuna, farasi ni wa mwanamume, nyumba ni ya mwanamume. Mtu akikuamini kwa sababu hana pengine pa kwenda, hiyo ni imani kweli?

Swali hilo limenirudisha kwenye barua za Elinore Pruitt, ambaye hakutungwa na mtu. Alikuwa Denver na binti yake mdogo, Jerrine, akiosha nguo na kutumika katika nyumba za watu. Mwaka 1909 akakubali kazi ya kutunza nyumba ya Clyde Stewart, mgane mwenye asili ya Uskoti aliyefuga ng'ombe Burnt Fork, Wyoming. Saa 24 ndani ya treni, kisha siku mbili kwenye gari la farasi, na mtoto pembeni. Hata hivyo hakwenda kutafuta mume. Alitaka ardhi. Sheria ya mwaka 1862 ilimpa mkuu wa kaya nafasi ya kuomba ekari 160 za serikali, akae humo miaka mitano, ajenge, alime, ndipo apewe hati. Mwanamke asiye na mume aliruhusiwa. Mke wa mtu, kwa kawaida, hakuruhusiwa kuomba kwa jina lake.

Elinore akaomba kipande kilichopakana na cha Clyde. Na ndani ya wiki chache tangu afike, wakaoana.

Baadaye alimweleza bibi aliyekuwa akimtumikia Denver, ambaye ndiye aliyekuwa akimwandikia, kwamba asingeolewa kama Clyde asingemwahidi kumwacha ayakabili mambo yote ya shamba lake bila kusaidiwa. Hapo ndipo nimekwama wiki nzima. Katika riwaya, mwanamume huthibitisha penzi kwa kuokoa: ghala linawaka, majambazi wamefika, yeye anatokea na bunduki. Clyde aliombwa jambo gumu zaidi kwa mtu anayependa, yaani kukaa kando akimwona mkewe anahangaika na huku uwezo wa kumsaidia anao. Naielewa sana sababu yake. Mwanamke aliyeishi kwa mshahara wa jikoni mwa wengine anajua kwamba kila msaada huwa na mwenyewe. Akiwa na ekari zake, kubaki kwake kwa Clyde kungekuwa uamuzi wake kila asubuhi.

Halafu akafa mtoto wao wa kwanza pamoja, Jamie. Daktari hakuwapo wa kumtibu, wala mchungaji wa kumzika. Clyde alikuwa fundi seremala, na Elinore akataka jeneza litoke mikononi mwake. Clyde akalitengeneza lote, Elinore akaliwekea bitana na kulifunika. Anaandika kwamba pesa ya kununua jeneza walikuwa nayo na majirani walikuwa tayari kusaidia, ila walitaka kumfanyia mtoto wao kila kitu wenyewe. Ibada aliiongoza mama. Nimeisoma sehemu hii mara nyingi na bado inanivunja. Wale wale waliowekeana mpaka wa nani asimsaidie nani, kwenye msiba hawakumwachia mtu mwingine hata msumari mmoja. Sidhani kama lile la pili lingewezekana bila lile la kwanza.

Ardhi yenyewe ina jeraha, na riwaya nyingi hulipita kimya. Burnt Fork haiko mbali na ngome ya Fort Bridger, ambako mkataba wa mwaka 1868 uliwafungia Washoshoni wa Mashariki, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, katika eneo walilotengewa la Wind River. Ekari za bure zilikuwa bure kwa sababu hiyo. Nawapenda wawili hawa, na sitaki kuwapenda kwa kulisahau hilo.

Elinore naye hakuwa mkweli katika kila jambo. Ndoa aliificha kwa muda mrefu katika barua zake. Alijiita mjane, kumbe alikuwa ameachana na mume wa kwanza. Na ardhi ile, aliyowahimiza wafua nguo wa mjini wakaitafute kama yeye, hakuipatia hati. Chumba alichojenga kilikuwa kimeungana na nyumba ya Clyde, na yeye alikuwa mke wa mtu. Mwaka 1912 aliachia dai lake, na mama mzazi wa Clyde, mjane, akaliomba kwa jina lake.

Wapo wanaosoma hapo na kusema alitudanganya, kwamba mwanamke huru wa Wyoming hakuwapo. Mimi nasimama upande wake. Sheria ilimlazimisha kuchagua kati ya hati na mume, akatafuta njia ya kukataa swali lenyewe. Ekari zikabaki katika ukoo, kwanza chini ya jina la mwanamke, na Clyde, aliyeahidi kutoingilia, akaendelea kuishi naye mpaka Elinore alipofariki mwaka 1933.