Kilimanjaro kwa upande wa pili: picha za safari zangu mbili nchini Kenya

Katika picha ya kwanza ninayowaonyesha leo, kilele cha Mawenzi kiko kushoto na cha Kibo kiko kulia. Sikuigeuza picha. Sisi tuliozoea kuutazama Mlima Kilimanjaro kutoka Moshi tunakijua Kibo kikikaa kushoto, na Mawenzi, chenye miamba iliyochongoka, kikiwa kulia. Lakini asubuhi hiyo nilikuwa Amboseli, kaskazini mwa mlima, ndani ya ardhi ya Kenya, na kwa mara ya kwanza nikauona mlima wetu kama majirani zetu wanavyouona kila siku. Nilikaa muda mrefu kabla sijainua kamera, kwa sababu nilihisi kama mtu aliyeingia uani kwa jirani akageuka, akaiona nyumba yake mwenyewe kwa nyuma.

Nimesafiri Kenya mara mbili, nikiwa na mdogo wangu: mara ya kwanza mwezi Julai, tulipoingilia Namanga na kuzunguka Amboseli, Nakuru na Bogoria, na mara ya pili mwezi Desemba, tulipopanda treni ya Nairobi hadi Mombasa, tukaendelea mpaka Lamu na kurudi nyumbani kwa njia ya Lungalunga na Horohoro. Nilirudi na picha 1,812. Baada ya kuzipitia kwa wiki nyingi nimebakiza 58, na kigezo changu hakikuwa uzuri peke yake. Nimezitanguliza zile zinazoonyesha kitu ambacho nchi hizi mbili zinakimiliki kwa pamoja, hata kama ramani imekikata katikati. Namanga yenyewe haimo, kwa kuwa vituo vya mpakani havipigwi picha, na ninaona ni haki kuiheshimu kanuni hiyo.

Amboseli nimeipa picha nyingi kuliko mahali pengine popote. Hifadhi hiyo ya kilomita za mraba 392, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1974, iko katika eneo kavu, na jina lake linatokana na neno la Kimaasai lenye maana ya vumbi la chumvi. Vumbi hilo nililijua vizuri. Siku ya pili nilibadilisha lenzi nikiwa ndani ya gari, dirisha likiwa wazi na upepo ukivuma, na jioni nilipozikuza picha kwenye kompyuta nikaona vidoa vinne vya kijivu katika kila anga la buluu, daima mahali pale pale. Vumbi lilikuwa limekaa juu ya kihisi cha kamera, yaani kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga. Vidoa hivyo nimevifuta kimoja kimoja katika picha 31, kazi ya usiku mzima. Anayekwenda huko namsihi achague lenzi moja asubuhi na abaki nayo, au aibadilishe chumbani, milango ikiwa imefungwa na kamera imeinamishwa.

Katikati ya ukavu huo kuna vinamasi vya kijani kibichi vilivyojaa maji mwaka mzima, na hapo ndipo tembo hushinda wakiwa wamezama hadi tumboni, wakivuta majani. Nilimuuliza dereva wetu maji hayo yanatoka mto gani, naye akanyoosha mkono kuelekea mlimani bila kusema neno. Mvua na umande wa Kilimanjaro huzama katika miamba ya volkano, husafiri chini ya ardhi, kisha maji huchomoza Amboseli kama chemchemi. Katika picha ya saba mtaona jike mmoja na ndama wake wakitoka kinamasini: nusu ya chini ya miili yao ni nyeusi kwa maji na matope, nusu ya juu ni ya kijivu iliyofifia kwa vumbi, na mstari unaozitenganisha umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Maji yanayowachora mstari huo yameanzia Tanzania. Tembo wenyewe nao huvuka mpaka kwenda Enduimet, upande wetu, na kurudi, na watafiti wamekuwa wakifuatilia familia zao hapo Amboseli tangu mwaka 1972.

Kuhusu saa za kupiga picha, mlima huwa wazi alfajiri, na mara nyingi ifikapo saa 3 asubuhi mawingu yameanza kuufunika. Kwa hiyo tuliondoka kambini mara tu milango ya hifadhi ilipofunguliwa. Ukiwa Amboseli unatazama kusini, jua huchomoza kushoto kwako, kwa hiyo mwanga hupita kwa ubavu na kuchonga kila bonde la mlima. Mchana mwanga huo hupotea na mlima huonekana bapa kama karatasi, hata pale ambapo hauna wingu. Jioni wakati mwingine hufunuka tena, na picha ya kumi na moja niliipiga wakati huo kutoka kwenye kilima kidogo ambako wageni huruhusiwa kushuka garini na kupanda kwa miguu.

Kutoka huko tulikwenda Bonde la Ufa. Ziwa Nakuru nililitarajia likiwa na ukanda wa rangi ya waridi pande zote, kama linavyoonekana katika picha za zamani, lakini kina cha maziwa mengi ya bondeni kimepanda tangu takriban mwaka 2010. Nakuru imefurika hadi kuua miti ya ukingoni, na maji yalipopungua ukali wa magadi, heroe wengi, yaani flamingo, ndege wenye rangi hiyo ya waridi, walihama. Picha zangu za hapo ni za miti mikavu iliyosimama ndani ya maji, na nimeziweka kama zilivyo, kwa kuwa hiyo ndiyo hali niliyoikuta. Heroe tuliwapata Bogoria, pembeni ya chemchemi zinazorusha maji ya moto. Walikuwa maelfu, na sauti yao iliwatangulia. Tuliisikia kabla ya kuliona ziwa lenyewe.

Tazameni kwa makini picha ya ishirini na mbili. Heroe mdogo amekiingiza kichwa majini kikiwa kimepinduliwa, sehemu ya juu ya mdomo ikiwa chini, na matone yanamwagika pembeni anapochuja mwani anaoula, ambao ndio unaompa rangi yake. Nilitumia kasi ya sehemu moja ya elfu ya sekunde ili matone hayo yagande hewani. Nilipokuwa nikimtazama nilikumbuka kwamba karibu heroe wadogo wote wa Afrika Mashariki huzaliwa katika Ziwa Natron, nchini kwetu, na kwamba Natron nayo hupokea maji ya mto Ewaso Ng'iro unaoanzia Kenya. Mlima wetu unainywesha Amboseli, na mto wao unalinywesha ziwa la ndege wetu. Ni mabadilishano ambayo hakuna aliyeyatia saini, na ningependa kila anayejadili mabwawa na mashamba makubwa kando ya mito hii ayakumbuke.

Safari ya pili ilikuwa ya pwani. Treni ya reli mpya, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, hupita Tsavo, na tembo wa huko huonekana wekundu kwa udongo wanaojimwagia. Kupiga picha kupitia kioo cha dirisha si rahisi: zima taa ya kamera, isogeze lenzi hadi ikaribie kugusa kioo, na uizibe pande zote kwa kitambaa cheusi ili taa za behewa zisiakisike. Nilipata picha moja tu inayofaa.

Mombasa nilishinda Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596 na kutekwa na Waomani mwaka 1698 baada ya kuzingirwa kwa karibu miaka mitatu. Kuta zake za matumbawe hupendeza zaidi jua linaposhuka, na sina la kuongeza juu ya hilo.

Lamu, ambayo mji wake wa kale umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001, ilinilazimu kujifunza upya. Kanuni niliyoishika kwa miaka mingi, kwamba saa sita mchana kamera ipumzike, haifanyi kazi huko. Vichochoro ni vyembamba mno, punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu, na kuta ni ndefu. Mwanga wa moja kwa moja hufika chini mchana tu, na saa nyingine zote hushuka polepole ukiwa umekwisha kugonga chokaa nyeupe, umekuwa laini kama uliopitishwa kwenye shuka. Kwa nyuso na milango sijapata kuona mwanga mzuri kuliko huo.

Katika kichochoro kimoja nilisimama kumtazama fundi wa nakshi aliyekuwa ameketi barazani na ubao wa mlango mapajani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniambia kwa Kiamu chake, lahaja ya Kiswahili ya Lamu, "Ndoo, mwanangu, usisimame ndiani." Maneno hayo mawili, ndoo kwa njoo na ndia kwa njia, yalinifurahisha kama zawadi, maana nilikuwa ugenini nikielewa kila kitu. Nilimwomba ruhusa ya kumpiga picha. Alifikiri, akaniambia nipige mikono na kazi, uso niuache. Nilikubali, na ninaamini picha hiyo ilipata nguvu kwa sharti hilo. Patasi imesimama wima juu ya waridi ambalo nusu yake imechongwa na nusu bado ni mstari wa penseli; kucha ya dole gumba ina ufa wa zamani; vibanzi vyembamba vimejikunja juu ya goti, na pembeni ya ubao mnyororo wa nakshi unaanza na kukatika ghafla mahali alipoishia jana yake.

Kabla ya kuitoa hapa nilimtumia nakala mbili zilizosafishwa kwenye karatasi, kama nilivyomwahidi, na nikasubiri jibu lake. Lilinifikia wiki iliyopita kupitia mjukuu wake: picha amezipokea, niionyeshe nitakavyo, na mlango umekwisha kutiwa kwenye nyumba moja mtaa wa Mkomani. Kwa hiyo mkusanyiko huu unaishia na waridi lenye nusu, hadi Desemba nitakaporudi kuupiga mlango wote.