Miguu ya kuku ilivyoniokoa na somo la mifupa

Binti yangu yuko darasa la tano, wiki ile nzima alikuwa anaimba tu fuvu, mbavu, uti wa mgongo, nikajua huyu kaiva. Jumapili nikamuuliza, haya mwanangu, mkono unakunjikaje? Akajibu bila wasiwasi, "Mfupa unajikunja baba." Mfupa unajikunja! Nilichoka.

Ushauri nilipewa mwingi. Jirani akasema mkaririshe tu, mtihani utapita. Kwenye grupu la wazazi wakasema nunua chati yenye mifupa yote 206. Nikanunua, elfu tano au sita sikumbuki, mtoto akaongeza majina kama kumi na mfupa ukabaki palepale, unajikunja. Jamani, chati haisogei, mtoto ataonaje mwendo kwenye picha iliyogandishwa ukutani?

Nikajifanya fundi. Maboksi mawili ya sabuni, nikayaunga kwenye kiwiko kwa pini, puto moja juu ndiyo msuli wa mbele na jingine chini msuli wa nyuma. Kichwani ilikaa vizuri sana. Sasa njoo kwenye kazi yenyewe, gundi haishiki puto, nikafunga kwa kamba, boksi likapinda katikati badala ya kwenye kiwiko, yaani nimetengeneza mkono uliovunjika, nikalazimisha, puto likaenda kugusana na pini, PAA! Bibi yake alikuwa amesinzia kwenye mkeka, aliruka akaanza kuomba dua. Binti alicheka mpaka akalala chini. Na hapo ndo nikagundua hata mimi mwalimu nilikuwa nimechemka: puto linasukuma, msuli hausukumi hata siku moja, msuli kazi yake kuvuta tu. Ndo maana kwenye mkono misuli iko ya kupokezana, wa mbele ukivuta mkono unakunja, wa nyuma ukivuta unanyooka.

Jioni napita kwa yule mama wa miguu ya kuku, nikaona kidole kimejikunja kwenye beseni, akili ikawaka. Nikachukua mibichi ya kama buku hivi, akaniongeza na mmoja. Chukua mibichi, ikishachemshwa haifai, na ukipata ya kuku wa kienyeji mzee ndo poa kabisa.

Pale mguu ulipokatwa utaona nyuzi nyeupe zinang'aa, hizo ndo kano, kamba zinazounganisha msuli na mfupa. Nilivuta kwa vidole zikateleza, nikajaribu na meno ya uma, wapi, mwisho nikaiba kibano cha nyusi cha mama watoto (hajui mpaka leo). Nikapasua ngozi kidogo kwa wembe, nikashika uzi wa upande wa nyuma, nikavuta taratibu. Vidole vikajikunja vyote kama vinamwita mtu! Binti alipiga ukelele hadi watoto wa jirani wakaja. Nikavuta wa mbele, vikafunguka. Nikamuuliza, mfupa umejikunja? "Hapana baba, uzi umeuvuta." Kibano sikukiona tena nusu saa nzima.

Nikamwambia shika mkono wako hapa chini ya kiwiko, sasa kunja ngumi, fungua, kunja. Macho yakamtoka. Misuli mingi inayokunja vidole iko huku juu, kwenye vidole zinapita kano tu, sawasawa na kwa kuku. Tukatenganisha kiungo kimoja, akapitisha kidole kwenye gegedu, ile nyeupe inayofunika ncha ya mfupa, akasema inateleza kama sabuni. Bila hiyo mifupa ingesagana.

Akauliza mbona bega linazunguka na kiwiko hakizunguki. Hapo sikuhangaika, nikampeleka jikoni nikamzungushia mchi kwenye kinu, hilo ndo bega, nyonga pia. Kiwiko nikamwonyesha bawaba ya mlango. Dakika mbili tu, na mimi nimepoteza pesa ya chati.

Mnawe mikono kwa sabuni lakini, kuku mbichi si mchezo.

Miguu yenyewe ilichemshwa na ndimu na pilipili, bibi aliila yote kasoro mmoja. Huo mmoja binti kaugomea mpaka leo, na tukipika tena lazima kwanza autafute ule uzi mweupe, bibi anamfokea weka chini mguu wangu.