Nilivyoirudisha mbegu ya muhogo wa bibi

Msimu wa 2017 nilichimba shina la kwanza la muhogo wa bibi nikiwa sina wasiwasi wowote. Mashina yalikuwa yamesimama vizuri, majani mapana, kimo cha mtu mzima. Nikakaa chini ya mkorosho, nikamenya mmoja ili nitafune mbichi, kisu kikakwama. Ndani kulikuwa na mabaka ya rangi ya udongo, makavu, magumu kama kizibo. Nikakata wa pili, nikakata wa tatu. Siku ile nilichimba mashina kumi na mawili na sikupata hata moja zima.

Sisi wa Mtwara tunaujua ugonjwa huu. Wataalamu wanauita michirizi kahawia, na wa kwanza kuueleza kwa maandishi alikuwa mtafiti Storey, mwaka 1936, kwenye kituo cha utafiti cha Amani katika milima ya Usambara. Ni virusi, na vinabebwa na inzi weupe. Lakini wanaousafirisha mbali ni sisi wakulima. Unakata pingili kwenye shina ambalo juu linapendeza, unapanda, unamgawia jirani, kumbe chini limeshaoza.

Muhogo wenyewe una kikonyo chekundu, ganda la nje ni la weusi uliofifia, na ukilikwangua la ndani ni la pinki. Ukiuchemsha unapasuka wenyewe kabla maji hayajakauka. Bibi aliupanda tangu mama yangu hajazaliwa. Nyumbani hatukuwahi kuuita jina lingine zaidi ya "wa bibi", na alipofariki mbegu yote ilibaki kwangu. Hapo ndipo nilipokosea. Niliipanda yote sehemu moja, tena mstari kwa mstari na Albert, muhogo ambao tuliupendea soko na ambao michirizi kahawia inaushika upesi sana. Misimu mitatu ikatosha.

Mtu wa mahindi au maharage anaweza kuweka mbegu zake kwenye chupa akazifunga, akazipanda mwaka wa pili au wa tatu. Muhogo haukubali. Unatoa maua, unatoa na mbegu, lakini mbegu ile ukiipanda inaota mtoto asiyefanana na mama. Ukitaka muhogo uleule, upande mti wake. Viazi vitamu, viazi vikuu na viazi mviringo navyo ni hivyo hivyo. Kile kituo cha kimataifa cha viazi kilichoko Lima, Peru, kinatunza aina zake nyingi zikiwa vimiche hai ndani ya vichupa vya maabara, na vimiche hivyo navyo lazima vihamishwe vichupa kila baada ya muda. Mimi maabara sina. Nina nusu ekari nyuma ya mikorosho.

Mama ndiye aliyekumbuka. Bibi mdogo, ndugu wa tumbo moja na bibi, alipoolewa Newala aliondoka na mzigo wa miti ya muhogo kichwani. Nikapanda basi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umefuata nini na jua hili?"

"Nimefuata muhogo wa dada yako. Kwetu umekwisha."

Akanitazama kwa muda. "Ule? Upo nyuma ya jiko. Mimi nachuma kisamvu tu."

Kulikuwa na mashina manne. Niliyakagua majani ya chini moja moja, kwa sababu michirizi kahawia hujionyesha kwenye majani yaliyokomaa: umanjano unaofuata mishipa ya jani. Batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo, yenyewe hujionyesha juu, majani machanga yanajikunja. Sikuona kitu. Lakini majani nilikuwa nimeshaacha kuyaamini, nikamwomba nichimbe. "Chimba moja," akasema, "hayo mengine niachie mboga yangu." Nikachimba, nikakata kila muhogo vipande vitano. Weupe mtupu. Nilirudi na miti miwili iliyotoa pingili kumi na sita, kila moja kama shibiri moja yenye macho matano hadi saba.

Tangu hapo kazi yangu imekuwa si aina ile peke yake. Nikiwa njiani niliwaza ni wangapi wana shina moja au mawili nyuma ya jiko na hawajui kwamba ndiyo yaliyobaki. Leo ninazo aina kumi na nne, kila aina mashina kumi.

Shamba la mbegu nimelitenga na muhogo wa kuuza, mikorosho ipo katikati. Kuanzia mwezi wa pili napita kila wiki, na shina lenye dalili naling'oa siku hiyohiyo. Roho inauma hasa aina inapokuwa na mashina machache, lakini ukilihurumia moja unayapoteza kumi. Simu inasaidia pia: programu ya Nuru inaongea Kiswahili, unaielekeza kwenye jani inakwambia inaona batobato au michirizi kahawia. Kwenye mizizi haioni. Kwa hiyo navuna mapema, mwezi wa tisa au wa kumi tangu kupanda, maana muhogo wenye ugonjwa ukikaa sana ardhini ndivyo unavyozidi kuoza. Kila shina nalichimba peke yake, mihogo yake naikata, na miti yake inakwenda kwenye mbegu pale tu mihogo yote ikiwa safi. Miti hiyo naisimamisha chini ya mwembe, vitako vimefukiwa kidogo, inasubiri mvua za Desemba.

Majina yalinisumbua kuliko magonjwa. Mwanzoni niliandika vibao kwa kalamu ya wino, jua likafuta. Sasa nakata vipande vya bati la debe, natoboa herufi kwa msumari, na juu ya hapo nina daftari lenye ramani ya mistari kuanzia njiani, kwa sababu vibao huanguka. Halafu muhogo mmoja huwa na majina matatu kwa vijiji vitatu. Nalinganisha kikonyo, ganda la ndani na umbo la jani kabla sijakubali kwamba nimepata aina mpya.

Hapo ndipo nilipojifunza habari ya Namikonga. Kwetu ni muhogo wa wazee, nami niliushika kama wa asili kabisa. Mtaalamu mmoja akanieleza kwamba walipopima vinasaba vyake waliukuta ni uleule unaoitwa Kaleso kule pwani ya Kenya, na kwamba ulizalishwa Amani zamani za ukoloni, namba 46106/27, walipokuwa wakichanganya muhogo na ndugu yake wa porini, mti wa mpira wa Ceara, ili upate nguvu ya kuhimili virusi. Kazi ya Amani ikasimama. Wakulima wakaendelea kupanda, wakaupa majina yao. Miaka mingi baadaye watafiti wameurudia, wameuchanganya na Albert ili wajue vinasaba vya ukinzani vimekaa wapi. Habari hiyo ilinigusa sana. Waliouhifadhi ni akina mama wenye majembe, na hakuna aliyewaomba.

Sipingi mbegu bora. Kiroba, mojawapo ya aina hizo, ninayo na inanilisha. Kinachonikera ni namna zinavyoletwa. Mradi mmoja ulikuja kijijini ukagawa aina moja, tukaambiwa za zamani tung'oe. Watu waling'oa hata Nachinyaya, ambao kwangu majani yanaonyesha ugonjwa lakini mihogo inatoka mizima. Waling'oa na muhogo mchungu, wakati nguruwe pori wakiingia shambani huo ndio wanaouruka. Mimi mchungu naupanda mistari ya pembeni, unalinda mitamu iliyo ndani.

Mbegu siuzi. Anayekuja anapewa pingili tano, na sharti ni kwamba msimu unaofuata naye ampe mwingine tano zilizokaguliwa. Kila aina yangu sasa ipo katika nyumba nyingine mbili au tatu, na daftari linaonyesha zipi. Mwaka juzi mstari wangu wa bibi uliingiliwa tena, nikang'oa wote bila woga, nikarudishiwa mbegu na binamu yangu.

Kuna mmoja bado nausaka. Mama anasema una kikonyo cha kijani, ndani una umanjano hafifu kama siagi, na ukipikwa unakuwa kama unga. Ulikuwapo Tandahimba na Masasi alipokuwa msichana. Kama upo nyuma ya jiko la bibi yako, usinitumie mti kwa basi, maana hatujui umebeba nini. Chimba shina moja ulikate, nitumie picha ya mihogo na ya majani ya chini. Nitakuja mwenyewe.