Kilichofukiwa Chini ya Mkeka

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo la wiki hii ni Yoshua 7:16–26.

Niseme ukweli: jioni hizi za baridi ya Mbeya nimekuwa najifunika blanketi na kuangalia sizoni ya zamani ya Marekani, The Sopranos, ambayo kijana wangu aliniletea kwenye flashi. Ilianza kuonyeshwa mwaka 1999. Inamhusu Tony, mkubwa wa genge la mafia huko New Jersey, mwenye mke, binti na mvulana mmoja. Imejaa matusi, msije mkaiwasha mbele ya watoto mkasema nimewatuma mimi.

Iliyonikaba ni sehemu ya 5. Baba anampeleka binti kuangalia vyuo jimbo la Maine. Ndani ya gari binti anamuuliza, bila kuzunguka, kama yeye ni mafia. Anakana, halafu anakubali nusunusu. Huko huko anamwona mtu aliyewahi kulisaliti genge. Asubuhi anamshusha binti kwenye usaili wa chuo, anakwenda kumnyonga yule mtu kwa waya, kisha anarudi kumchukua mwanawe. Waya umemkata mkono, na binti anaona.

Usiku wa safari hiyo mkewe, Carmela, yuko nyumbani na padri. Anaungama kwamba ameuacha uovu ukae nyumbani mwake kwa sababu aliwatakia watoto maisha mazuri. Analia machozi ya kweli, anapokea komunyo, na ndoa inaendelea.

Kinachotisha ni kwamba yule baba anampenda binti yake kwelikweli. Angekuwa katili hata nyumbani, ningemchukia nikalala zangu.

Sasa Akani, yule Mwisraeli wa somo letu, aliyegusa nyara za Yeriko zilizokuwa za Bwana. Aliiba joho zuri la Babeli, shekeli 200 za fedha na kabari ya dhahabu, akavifukia katikati ya hema. Hema si nyumba ya vyumba vinne. Udongo uliochimbuliwa haurudi kama ulivyokuwa, na watoto walitandika mkeka hapo hapo. Bonde la Akori, alikopigwa mawe, walipelekwa naye, wana kwa mabinti. Mke hatajwi. Huwa namfikiria sana huyo mama: kama alikuwepo, jembe alilisikia.

Mimi sijaua mtu. Nanunua viazi Isyonje napeleka Dar, na mnajua tunavyonunua. Gunia likijaa tunaliongezea ndoo za juu, ndicho kichwa, tunafuma kwa kamba mpaka linasimama kama mtu aliyevaa kilemba. Sheria ya vipimo inataka lisizidi kilo 100. Lumbesa, yaani gunia hilo lenye kichwa, inazidi, na mkulima analipwa gunia moja. Ada za watoto zimetoka kwenye kile kichwa, bati la nyumba pia, na sadaka ya mavuno mliyonipigia makofi.

Juzi tumekaa mezani, viazi vinatoa moshi. Binti yangu wa darasa la sita alikuwa amekwenda nami shambani Jumamosi. Akauliza, "Baba, zile ndoo za juu unawalipa shilingi ngapi?"

Nikamwambia ale kwanza, chakula kinapoa.

Mama watoto, ambaye ndiye anayetunza hesabu, alikuwa na daftari mapajani. Akalifunga, akaliweka chini ya kiti, akasema tufumbe macho, akatuombea chakula.