Jinsi ninavyotoa uvimbe maji wa bandama na kumwachia mtoto bandama lake

Ushauri mbaya kuliko wote niliowahi kupewa kuhusu uvimbe maji wa bandama ulikuwa mfupi: choma sindano, vuta maji, kazi imekwisha. Nikaufuata. Yalitoka maji ya rangi ya chai, yenye vichembe vya kolesteroli vinavyometameta ukiinua chupa kwenye mwanga. Tumbo la mtoto likashuka, akaanza kumaliza chakula chake. Miezi michache baadaye uvimbe ulikuwa pale pale, ukubwa ule ule. Maji si ugonjwa. Ugonjwa ni utando ulioufunika ukuta kwa ndani. Huo ndio unaotoa maji, na ukiuacha utaendelea kuyatoa.

Kwa watoto, uvimbe mwingi tunaoupasua ni wa kuzaliwa nao, na huwa na utando huo. Ule unaotokana na kuumia, damu ikavilia ndani ya bandama na kuacha kifuko, hauna utando na ni rahisi zaidi kuutibu. Tatizo ni kwamba picha haivitofautishi kwa uhakika, na kila mzazi atakumbuka siku mtoto alipoanguka. Habari za kuanguka zisikuamulie upasuaji.

Kabla ya jambo lolote, hakikisha si kifuko cha tegu wa mbwa, mnyoo anayeweza kuota ndani ya bandama. Pima damu kutafuta kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi yake, na kwenye utrasaundi tafuta vifuko vidogo ndani ya kifuko kikubwa. Kifuko cha tegu hakichomwi sindano kiholela: maji yake yakimwagika tumboni yanaweza kuleta mzio wa kuua, na mbegu zake zikaota upya kila zilipoangukia. Mtoto anaanzishiwa albendazoli, dawa ya minyoo, kisha anapangiwa upasuaji wa namna yake.

Kipimo cha CA 19-9, kemikali ya damuni inayopimwa kutafuta saratani, kinaweza kupanda hata kama uvimbe si saratani, kwa sababu utando wenyewe hukitoa. Mwambieni mzazi hilo kabla hajaliona jibu. Nimeona familia zikikosa usingizi kwa tarakimu ambayo hushuka yenyewe uvimbe ukitoka.

Si kila uvimbe unapasuliwa. Ulio chini ya sentimita 5 usiomsumbua mtoto naufuatilia kwa utrasaundi kila baada ya miezi 6 hadi 12. Unaokua, unaouma, unaomshibisha mtoto kwa matonge mawili au unaobana figo, huo unatoka, hata kama haujafika sentimita 5.

Sasa kuezua. Wengi hulipenda: unaingia kwa matundu madogo, unakata paa la uvimbe linalojitokeza nje ya bandama, unafyonza maji, unatoka. Damu ni kidogo na mtoto anarudi nyumbani mapema. Lakini sakafu imebaki, na sakafu ina utando. Kiwambo cha kifua na pazia la mafuta la tumboni huja kukaa juu ya shimo, kingo zinashikana, na kifuko kimepata paa jipya. Nimejaribu kuikausha sakafu kwa umeme. Utando umeingia kwenye mikunjo ya ukuta, huufikii wote, na ukizidisha moto unachoma bandama lenyewe na damu inaanza kutoka. Uvimbe hurudi kwa watoto wengi mno kiasi kwamba siwezi kumwahidi mzazi kitu.

Upande wa pili wapo wanaosema ondoa bandama lote. Kwa mtoto sikubali, ila damu ikinilazimisha. Asiye na bandama anaweza kushambuliwa na bakteria wa nyumokokasi akafa ndani ya saa chache. Ninachofanya ni kukata sehemu ya bandama yenye uvimbe na kubakiza angalau robo.

Chanjo za bakteria watatu, nyumokokasi, meningokokasi na Hib (Haemophilus influenzae aina b), zikamilike wiki 2 au zaidi kabla, hata kama mpango ni kubakiza bandama, kwa kuwa mpango unaweza kubadilika mezani. Damu ya kuongezea, iliyooanishwa na ya mtoto, iwepo. Mtoto alazwe akiegemea ubavu wa kulia, na tumbo lake lipunguzwe hewa kwa mpira wa puani.

Uvimbe mkubwa hauachi nafasi ya kufanyia kazi, kwa hiyo naufyonza kwanza, lakini siumalizi. Nabakiza kama theluthi ya maji. Ukiukausha kabisa unasinyaa kama puto na mpaka wake na nyama ya bandama unapotea machoni.

Ateri ya bandama ikikaribia lango, yaani pale mishipa inapoingilia bandama, hugawanyika matawi, na kila tawi lina eneo lake, kama mashamba yenye mipaka. Nachambua matawi moja moja, nabana kwa muda lile linaloelekea kwenye uvimbe, na kusubiri dakika chache. Eneo lililonyimwa damu hufubaa, la jirani hubaki na zambarau yake, na mstari hujichora wenyewe. Ndipo nakata tawi. Kisu hakipiti kwenye mstari. Kinapita kama sentimita 1 ndani ya upande uliofubaa, na hapo damu hutiririka kidogo tu. Ukikata upande ulio hai, utahangaika na damu inayochuruzika kila mahali, na uzi hausaidii kwa sababu bandama ni laini, linachanika nao. Lakini uvimbe wenyewe uwe umeingia wote katika kipande kinachotoka; kipande cha ukuta kikibaki, umeezua tu kwa gharama kubwa.

Ukikata ncha ya chini, usiguse mishipa mifupi inayotoka kwenye tumbo la chakula kwenda ncha ya juu. Ndiyo inayolisha kilichobaki na kukishikilia. Ukikata ncha ya juu, linda kano linaloshika bandama na utumbo mpana. Kipande kilichobaki kikining'inia kinaweza kujizungusha na kufa, hivyo kikiwa huru nakishona ubavuni. Na mkia wa kongosho uko pale pale langoni: ukiujeruhi, utagundua siku zinazofuata kwa majimaji yenye amilesi nyingi, kimeng'enya cha kongosho.

Kipande hutolewa ndani ya mfuko kupitia kitovuni na kupelekwa maabara.

Utrasaundi ya wiki za kwanza mara nyingi huonyesha majimaji kidogo kwenye ukingo uliokatwa. Hayo si uvimbe kurudi, na msiyachome sindano kama mtoto hana homa. Narudia picha mwezi wa tatu, kisha baada ya mwaka, na kila mara naomba mtiririko wa damu upimwe kwenye kipande kilichobaki.